Jibu kwa mwenye Mark X nyeusi iliyopauka: namna ya kurudisha mng'ao ukiwa nyumbani

Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam, ameuliza hivi: "Nina Toyota Mark X nyeusi ya mwaka 2010 niliyoagiza Japani ikiwa imetumika. Ilipotoka bandarini ilikuwa kama kioo. Leo, miaka miwili baadaye, nikiitazama juani naiona ya kijivujivu, na imejaa mistari ya duara kama utando wa buibui. Kijana anayeniosheaga anataka aipake mafuta ya taa, na fundi wa mtaani anataka aipige mashine. Je, naweza kuirudishia mng'ao mwenyewe nyumbani, na nianzie wapi?"

Ndugu yangu, unaweza. Kwa jinsi ulivyolieleza gari lako nina matumaini makubwa, maana ukijivu unaoonekana juani pamoja na mistari ya duara ni dalili za uso uliokwaruzika, na rangi yenyewe chini yake huenda ingali nzima. Ninachokuomba ni subira ya kufuata mpangilio, kwa sababu kazi hii haihitaji nguvu nyingi, ila watu wengi huianzia mwisho: hununua kopo la nta, wakalipaka juu ya vumbi na mikwaruzo, kisha wakasikitika kwamba gari limebaki vilevile.

Kwanza tuelewane kuhusu kile unachokitazama. Gari lililopakwa kiwandani lina tabaka kadhaa juu ya bati lake: kinga ya kutu, praima, rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi wetu huliita klia. Tabaka hizo zote kwa pamoja huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi (mikroni elfu moja ni milimita moja), na karatasi ya kawaida ya ofisini, ile ya gramu 80, ina unene wa takriban mikroni 100. Klia peke yake mara nyingi ni mikroni 40 hadi 50, yaani kama nusu ya karatasi hiyo. Hiyo nusu karatasi ndiyo akiba yote uliyo nayo kwa maisha yote ya gari, na kila unapolipiga polishi unaimega kidogo. Kwa hiyo, mtu anapokuambia kwamba atalipiga mashine kila mwezi ili ling'ae, ujue anakula akiba ambayo hairudi.

Mng'ao unakaa juu ya klia. Uso wake ukiwa umelingana kabisa, nuru inayoupiga hurudi ikiwa pamoja, nawe unaona taa, mawingu na uso wako mwenyewe bila kuvurugika, kama unavyojiona kwenye beseni la maji yaliyotulia. Uso ukiwa na maelfu ya mikwaruzo midogo, nuru hutawanyika kila upande, na kile kinachokufikia machoni ni weupe hafifu uliotanda juu ya rangi. Kwenye gari jeupe hutauona sana. Kwenye gari jeusi, ambalo rangi yake hairudishi karibu nuru yoyote, weupe huo unaonekana wote, na hapo ndipo unapotokea ukijivu ulioueleza. Hata yale maduara ya utando wa buibui yana sababu yake: mikwaruzo yenyewe imekwenda kila upande bila mpango, lakini jua linawasha ile tu iliyolala kwa kulizunguka, na macho yako yanaiunganisha kuwa duara. Sogea hatua mbili pembeni na duara litahama pamoja nawe.

Swali linalofuata ni nani aliyeikwaruza, na hili lazima lijibiwe kabla hujanunua kitu chochote, vinginevyo utalisafisha gari Jumamosi na kulikwaruza upya Jumapili. Katika magari mengi ninayoletewa, mkosaji ni kitambaa. Fikiria asubuhi ya kawaida: gari limelala nje, vumbi la barabara limetua juu yake, na mlinzi mwenye nia njema kabisa anachukua tambara lililolowekwa kidogo na kulifuta gari zima kutoka boneti hadi buti kwa maji ya ndoo moja. Vumbi letu lina mchanga ndani yake, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Kile kitambaa kinageuka msasa mwepesi, na kazi hiyo inarudiwa siku 300 kwa mwaka. Brashi ya manyoya inayotumika kupangusa vumbi kavu nayo hufanya hivyohivyo.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako, mwombe kijana anayekuoshea dodoki lake akiwa katikati ya kazi, ulikamue kwenye glasi ya maji safi, na uiache glasi mezani kwa dakika kumi. Chini itatua mchanga mweusi unaoweza kuuhisi kwa kidole. Huo ndio uliokuwa unasuguliwa kwenye mlango wako.

Sasa kuhusu mafuta ya taa, ambayo wengine huyabadilisha kwa dizeli iliyochanganywa na maji. Naelewa kwa nini yanapendwa: ukipaka, gari linang'aa papo hapo. Mafuta hujaza mikwaruzo kwa muda, na nuru inapita bila kutawanyika sana, kama jiwe kavu linavyoonekana jeusi zaidi likiloweshwa. Lakini ule utando wa mafuta hunasa vumbi la siku hiyohiyo, huondoa nta yoyote iliyokuwepo, na huharibu taratibu mipira ya milango na ya madirisha. Kesho yake utahitaji kufuta vumbi lililonata, na kufuta huko kutaongeza mikwaruzo. Naomba ukatae kabisa, kwa upole lakini bila kuyumba. Dawa ya meno, ambayo bila shaka umeshaambiwa na mtu, ina chembe za kusugulia na inaweza kupunguza alama moja ndogo, ila haikutengenezwa kwa klia na huwezi kujua makali yake. Usiitumie kwenye boneti nzima.

Kabla ya kazi, lipime gari. Lioshe, likauke, liweke kivulini, kisha washa tochi ya simu na uisogeze juu ya kila sehemu kwa umbali wa urefu wa mkono. Mikwaruzo ile ya utando itajitokeza kuzunguka mwanga. Ukiona mkwaruzo mrefu uliosimama peke yake, pitisha ukucha juu yake taratibu: ukucha ukinasa, mkwaruzo huo umeingia ndani mno na polishi haitauondoa bila kula klia kupita kiasi, kwa hiyo uache, au umwone fundi wa rangi siku nyingine. Ukiona madoa meupe yenye kingo kama ngozi inayobanduka, hasa kwenye paa na boneti, hapo klia yenyewe imekufa kwa jua, na hakuna polishi wala nta duniani itakayoirudisha. Sehemu hiyo inahitaji kupakwa upya. Nakwambia wazi ili usije ukatoa jasho bure.

Kwa kuwa gari lako limetoka Japani, tafuta ile karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kabla halijauzwa, kama uliihifadhi. Kwenye mchoro wa gari, herufi A humaanisha mkwaruzo, U humaanisha bonde, na W humaanisha sehemu iliyowahi kunyooshwa na kupakwa upya. Ukiona W kwenye mlango au ubavu fulani, usiamini zile mikroni nilizozitaja hapo juu, kwa sababu rangi ya gereji inaweza kuwa nene sana au nyembamba sana, na ugumu wake ni tofauti. Sehemu kama hiyo ipolishiwe kwa mkono tu.

Kuna kipimo kimoja zaidi, na ndicho ninachokipenda. Vaa mkononi pakiti ya plastiki nyembamba, kisha pitisha vidole juu ya rangi iliyooshwa. Mifuko ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini pakiti ya mkate inafaa kabisa. Plastiki hiyo huongeza hisia za vidole, na rangi uliyodhani ni laini itakuja na vipele kama unga wa sembe uliomwagika: vumbi la breki, matone makavu ya rangi kutoka jengo la jirani, chumvi, masizi. Vipele hivyo havitoki kwa sabuni.

Tuanze kazi. Chagua asubuhi mapema au jioni, gari likiwa chini ya kivuli na bati likiwa baridi. Kivuli cha jengo au cha turubai ni bora kuliko cha mwembe, kwa sababu utomvu wa mwembe ni adui mwingine. Tayarisha ndoo mbili, moja ya maji yenye shampuu ya magari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia. Sabuni ya unga ya kufulia iweke pembeni, maana imetengenezwa ili iondoe mafuta kwenye nguo, inaondoa nta pia, na punje ambazo hazijayeyuka hukwaruza. Kwa siku hii moja tu, kabla ya kupolishi, unaweza kutumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ili kuondoa mabaki ya nta na mafuta ya zamani. Baada ya hapo usirudie.

Mwagia gari maji mengi kwanza, kwa mpira au mashine ya presha, ili mchanga uondoke bila kuguswa. Hatua hii ndiyo inayookoa rangi kuliko nyingine yoyote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Kisha osha kwa glovu ya mikrofaiba kuanzia paa, madirisha, boneti na buti, ukamalizie sehemu za chini za milango na bampa, ambako uchafu mkali hukaa. Kila baada ya sehemu moja, ichovye glovu kwenye ndoo ya kusuuzia, ikamue, ndipo uirudishe kwenye povu. Rimu na matairi yawe na dodoki lake, lisiloguswa na rangi kamwe.

Maji yenyewe nayo yana habari yake. Visima vingi vya Dar es Salaam, hasa vya maeneo yaliyo karibu na bahari, vina maji ya chumvichumvi, na hata yasiyo na chumvi huwa na chokaa. Tone likikauka juani kwenye rangi nyeusi huacha duara jeupe, na likikaa wiki kadhaa huanza kuchimba klia. Kama unaoshea maji ya kisima, suuza mara ya mwisho kwa ndoo mbili za maji ya bomba au ya mvua, na ukaushe mara moja kwa taulo kubwa ya mikrofaiba. Taulo hiyo ilaze juu ya bati na uivute polepole, au uigandamize na kuinyanyua. Alama nyeupe ambazo zimeshajitokeza jaribu kuziondoa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa: loanisha, subiri dakika moja, futa, suuza vizuri.

Baada ya hapo huja udongo wa kusafishia rangi, ambao maduka ya vifaa vya magari huuza kwa jina la klei. Ni kipande laini kinachofinyangika kama ugali uliopoa. Kazi yake ni kunyofoa vile vipele ulivyovigundua kwa pakiti ya mkate. Utapulizia rangi maji yenye shampuu kidogo ili iteleze, kisha upitishe udongo huo kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza. Mwanzoni utausikia ukikwaruzakwaruza. Ukinyamaza na kuanza kuteleza, sehemu hiyo imemalizika. Ukunje mara kwa mara ili upate uso safi, na ukikuangukia chini hata mara moja, utupe bila kusita, kwa sababu mchanga ulioshika hautoki. Fanya hatua hii mara moja au mbili kwa mwaka tu, kwani udongo huo nao huacha alama hafifu zake, ambazo polishi inayofuata itazifuta.

Sasa tumefika kwenye moyo wa kazi. Neno polishi madukani kwetu lina maana nyingi mno: mafuta ya dashibodi huitwa polishi, nta huitwa polishi, hata dawa ya matairi huitwa polishi. Ninaposema polishi hapa ninamaanisha krimu yenye chembe za kusugulia zinazosawazisha klia. Ile yenye chembe kali huitwa kompaundi, na ile laini ndiyo polishi ya kumalizia. Soma maandishi ya kopo uone kama inasema huondoa mikwaruzo au inaongeza mng'ao tu, kwa kuwa nyingi za hizo zinazoongeza mng'ao hujaza mikwaruzo kwa mafuta, na ukiosha gari mara mbili mikwaruzo yote imerudi.

Kanuni ninayoishikilia ni kuanza na makali madogo kabisa. Chagua eneo la sentimita 40 kwa 40 katikati ya boneti, mahali palipo bapa, na ulifanye kuwa eneo la majaribio. Ziba kwa tepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi rangi, kingo zote, mipira, nembo na plastiki nyeusi zilizo jirani. Weka matone matatu au manne ya polishi laini kwenye pedi ya sponji, itandaze eneo zima, kisha sugua kwa mwendo unaopandana, nguvu ya kiasi, kwa dakika mbili hadi tatu, mpaka polishi iwe nyembamba na angavu. Futa kwa taulo safi ya mikrofaiba. Kisha pangusa eneo hilo kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ili kuondoa mafuta ya polishi yanayoficha ukweli, na ulimulike kwa tochi. Kama mikwaruzo imepungua kiasi cha kukuridhisha, umepata dawa ya gari zima. Kama bado ipo mingi, rudia mara moja, na ikishindikana panda hadi kompaundi, kisha umalizie na polishi laini.

Utazame pia ule upande wa pedi uliosugua. Gari lenye klia halitoi rangi kwenye pedi. Ukiona weusi umehamia huko, kuna mambo mawili: ama sehemu hiyo imepakwa rangi ya tabaka moja isiyo na klia, jambo linalotokea kwenye magari ya zamani na yaliyopakwa gereji, ama klia imekwisha. Ukiwa hujui ni lipi kati ya hayo mawili, simama.

Je, utumie mkono au mashine? Kwa mkono utapunguza sehemu nzuri ya utando wa buibui, na weusi utarudi kwa kiwango utakachokiona wazi, ila ile mikwaruzo ya ndani kidogo itabaki. Faida yake ni kwamba ni vigumu sana kuunguza klia kwa mkono. Ukitaka kile kioo ulichokiona bandarini, utahitaji mashine, na hapo chagua ile ambayo pedi yake inazunguka huku ikiyumba kwa wakati mmoja. Mwendo huo wa namna mbili haukusanyi joto mahali pamoja, na mtu anayeanza anaweza kuitumia kwa usalama. Iwashe pedi ikiwa tayari imelala kwenye bati, tumia kasi ya kati, isogeze polepole sana, kila mstari ukipanda nusu ya mstari uliopita, na upite eneo moja mara nne hadi sita. Waya upitishe begani ili usiburuze kwenye rangi. Baada ya kila eneo gusa bati kwa mgongo wa mkono: likiwa vuguvugu endelea, likiwa la moto pumzika.

Mashine ya mzunguko mmoja, ambayo ndiyo mafundi wengi wa mitaani wanayo, ni kifaa kizuri mikononi mwa mtu aliyefundishwa. Kwako, kwa sasa, hapana. Nalisema hili kwa uchungu, maana nililipia. Nilipokuwa bado najifunza niliiegesha mashine ya aina hiyo kwenye ukingo wa boneti ya gari jekundu la jamaa yangu. Klia huwa nyembamba zaidi kwenye kingo na kwenye mikunjo ya bati, na pedi ikipita hapo nguvu yake yote hukusanyika kwenye mstari mmoja mwembamba. Nilichokiona kwanza ni wekundu kwenye pedi iliyokuwa nyeupe. Kabla sijainyanyua, praima ya kijivu ilikuwa imeshachungulia, upana wake kama njiti ya kiberiti. Muda wote haukuzidi sekunde tano. Boneti nzima ikapakwa upya kwa gharama yangu, na mpaka leo, jua likiwa la saa kumi, naiona tofauti yake na fenda. Tangu siku hiyo kila ukingo ninaufunika tepu, na mwishoni, tepu ikishatolewa, nausugua kwa kidole kilichovikwa taulo.

Fundi wa mtaani akisisitiza kulipiga mashine, muulize mambo matatu: anatumia pedi ya manyoya au ya sponji, anaziba kingo, na atamalizia na nini baada ya kompaundi. Asiyekuwa na jibu la swali la tatu atakuachia alama za mawimbi zinazong'aa kwa mafuta siku ya kwanza na kujitokeza baada ya kuosha. Na msasa, hata ule wa namba 2000 au 3000 wa kulowanisha, usimruhusu kuutumia bila kipimo cha unene wa rangi mkononi mwake.

Usijaribu kumaliza gari kwa siku moja. Boneti na fenda Jumamosi hii, milango ya kushoto wiki ijayo, ndivyo ninavyowashauri wanaofanya kwa mkono. Mkono uliochoka husugua vibaya, na jua la saa tano asubuhi hukausha polishi kabla haijafanya kazi, ikabaki unga unaogoma kutoka. Sehemu uliyoimaliza ipake kinga siku hiyohiyo.

Kuhusu kinga sina maneno mengi, kwa kuwa kazi ngumu imekwisha. Nta ya asili ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi uotao kaskazini mashariki mwa Brazili, ndiyo inayolipatia gari jeusi ule weusi mzito wenye uvuguvugu, na huyeyuka kwenye nyuzijoto 82 hadi 86 hivi. Kwa gari linaloshinda nje kwenye jua la pwani, tegemea wiki chache tu. Kinga za kutengenezwa viwandani, ambazo huja zikiwa za kimiminika, hukaa miezi kadhaa, nazo ndizo ninazokushauri kwa gari la kila siku. Ukiwa na sherehe, paka karnauba juu yake. Iwe ipi, tabaka liwe jembamba kiasi kwamba unaliona kama ukungu, subiri likauke, pitisha kidole: kikiacha njia safi, futa. Kinga ya seramiki hudumu muda mrefu zaidi, lakini nisingependa uipake mwaka huu, kwa sababu mikwaruzo yoyote utakayoiacha itafungiwa chini yake.

Utajua kinga imekwisha pale maji unayomwaga yatakapoacha kujikusanya kuwa matone ya mviringo na kuanza kutanda kama kwenye sakafu ya saruji.

Yamebaki ya kila siku, na hapa nakusihi sana. Kinyesi cha ndege, na Dar es Salaam tuna kunguru wa kutosha, kiondoe siku hiyohiyo. Klia hulainika kwa joto la mchana, na kinyesi kikikauka juu yake na bati likapoa usiku, alama hubaki hata baada ya kuosha. Usikikwangue: weka juu yake kitambaa chenye maji kwa dakika tano, kisha kiinue pamoja na uchafu. Utomvu wa mwembe ulainishe kwa spiriti kwenye pamba, suuza, na urudishie kinga mahali hapo, kwa sababu spiriti huiondoa. Taulo za mikrofaiba zifuliwe peke yake bila dawa ya kulainishia nguo, na zile za rimu zisichanganywe kamwe na za rangi.

Na mlinzi wako mwambie asilifute gari tena asubuhi. Wengi huona aibu kumzuia mtu anayejituma, ila unaweza kumpa kazi bora zaidi kwenye gari hilohilo: afute vioo vyake na kumwagia boneti maji pale kunguru wanapopita. Yule kijana wa kuosha usimfukuze, mnunulie ndoo ya pili na glovu, na umwonyeshe ile glasi ya mchanga.

Jumamosi hii fanya lile eneo moja la sentimita 40 kwa 40 tu, lipige picha ukiwa umelimulika kwa tochi kabla na baada ya polishi, uandike na jina la polishi uliyotumia. Ukinitumia picha hizo mbili nitaweza kukuambia kama mkono wako unatosha au utafute mashine.